Osha Kwanza, Ndipo Ufunge

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, na wala si siku ya harusi au ya msiba. Ni siku ya kazi tu. Nilikuwa nimelala chali juu ya gunia, hapa hapa Mpanda, chini ya pikipiki ya miguu minne. Grisi nyeusi ilikuwa ikinidondokea shingoni, nami moyoni nilikuwa naomba kitu kimoja: mwenye chombo hiki aondoke mapema.

Mwenye chombo alikuwa baba yangu mkubwa, Kasiano, kaka wa marehemu baba. Alikuwa amekuja kuzungumza habari ya kuwachukua wadogo zangu.

Ngoja nikueleze taratibu, maana jambo lenyewe lina mizizi.

Baba yetu alitoka Mpimbwe, kwenye mpunga, akahamia Mwamkulu, hapa Mpanda, kulima mahindi. Tulikuwa wanne. Mimi Gaudensia ndiye mkubwa, akafuata Oskari, halafu Leokadia, na wa mwisho Pius, ambaye hata sura ya baba haikumbuki. Baba alipofariki nilikuwa nimeanza sekondari. Mama akajikaza mwaka mmoja, kisha naye akaanza kuugua, nikaacha shule ili nishike nyumba. Sikuambiwa na mtu. Asubuhi moja nilivua sketi ya shule, nikavaa kitenge, nikachemsha uji, nikaupeleka kwenye gereji moja iliyokuwa njiani. Mafundi wakanywa. Kesho yake nikarudi na uji mwingine.

Mwenye gereji alikuwa Mzee Nestori, mzaliwa wa Burundi aliyekulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Mishamo, mtu mfupi mwenye mikono mipana kuliko mwili wake. Aliponiona nakaa baada ya kuuza uji, naangalia, alinipa beseni la vyuma vichafu akasema, "Macho peke yake hayali mshahara. Osha." Nikaosha. Ndivyo nilivyoingia kwenye ufundi, mwanangu. Kwa muda mrefu kazi yangu haikuwa nyingine ila kuosha.

Mama alituacha katikati ya masika. Baba mkubwa hakuja kumzika. Baadhi ya watu walisema barabara ya Sitalike, ya kutoka Mpimbwe, ilikuwa imekatwa na maji, wengine walinyamaza. Mimi nilikuwa na sababu yangu niliyoificha. Siku za msiba wa baba, nilimsikia baba mkubwa nyuma ya mlango akigombana na mama. Ukoo ulitaka turudi Mpimbwe, mama akakataa, na baba mkubwa akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Haya, baki. Lakini siku ukizidiwa usinitafute." Neno hilo nililimeza kama lilivyo. Mama alipozidiwa sikumtafuta.

Sasa, kwetu kuna desturi. Matanga yakiisha, ndugu hukaa kitako wakagawana watoto. Huyu ataenda kwa shangazi, yule kwa mjomba, yule wa kike aliyepevuka atafutiwe mchumba. Hawafanyi kwa ubaya. Wanafanya ili asibaki mtoto wa kulala njaa. Lakini anayegawanywa hapigiwi hodi, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba sisi wanne hatutagawanywa kama mafungu ya nyanya.

Kwa hiyo nyumbani niliweka sheria. Hakuna kulia mbele yangu. Hakuna kumtaja mama wakati wa kula, hakuna kumtaja baba mkubwa wakati wowote. Sisi ni wamoja, basi. Jioni moja Oskari aliweka tonge chini akasema, "Dada, mimi nilikuwa nafikiri..." Nikamwambia, "Kula." Akala. Niliona nimeshinda, maana nyumba ilikuwa kimya na sufuria ilikuwa inachemka. Niliuchukulia ukimya ule kuwa ni amani.

Basi siku hiyo ninayokuambia, mvua zilikuwa zinaishia ishia. Nilikuwa naosha kichwa cha injini nikasikia mlio barabarani. Ikaingia pikipiki ya miguu minne, ile aina inayopita mashambani na kwenye tope, ambayo baba mkubwa aliinunua kwa watu wa kambi ya uwindaji walipofunga na kuondoka. Watoto wa mtaa waliikimbilia kwa nyuma wakipiga kelele. Baba mkubwa alishuka, miguu imeganda udongo mweusi wa mbuga mpaka magotini.

"Mama," aliniita. Alizoea kuniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. "Hujambo, mama yangu?"

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Chombo kinalia. Tangu Sitalike, nikikata kona, ta-ta-ta, kama mtu anatafuna mahindi ya kukaanga."

Nikachuchumaa kuangalia. Gurudumu la mbele, upande wa kushoto, lilikuwa limechafuka grisi kwa ndani, imerushwa duara zima. Nilijua kabla sijagusa. Kwenye ekseli, pale inapokutana na gurudumu, kuna kiungo chenye gololi za chuma ndani yake, zinazoliwezesha gurudumu kukata kona huku linazunguka. Kiungo kile kinavishwa mpira wenye mikunjo, kama shingo ya kobe. Mafundi tunauita buti. Kazi yake ni mbili tu: grisi isitoke, uchafu usiingie. Buti la baba mkubwa lilikuwa limechanwa na kisiki. Grisi ilikuwa inatoka na tope la mbuga lilikuwa linaingia.

"Linachukua muda?" akauliza.

"Inategemea, baba mkubwa."

Akavuta pumzi. "Nimekuja na mambo mawili. Kununua magunia, wavunaji wananisubiri shambani. Na kukaa na nyie tupange habari ya watoto. Chombo kikipona mapema nitageuza leo leo, mpunga hausubiri, hayo mengine tutayaongea baada ya mavuno. Kisipopona, nitalala kwenu, tukae wote jioni."

Unaona, mwanangu, alivyonipa kisu mkononi bila kujua? Nikifunga haraka, ataondoka. Akiondoka, mavuno yatamshika wiki nyingi, nami nitapata nafasi ya kujiimarisha, na huenda akasahau kabisa. Nikamwambia, "Nenda kanunue magunia. Ukirudi utalikuta tayari."

Mzee Nestori alikuwa amekwenda kuchomelea chuma kwa jirani. Nikabaki peke yangu na buti lililochanika.

Wewe unayesoma, kama umekulia huku kwetu, unajua dawa yetu ya kila kitu ni mpira wa tyubu. Ukiona baiskeli inatoka Mishamo na magunia ya maharage yamepanda kuliko kichwa cha mwendeshaji, ujue kinachoyashika ni ukanda wa tyubu. Mpini wa jembe umepasuka, tyubu. Bomba la maji linavuja, tyubu. Mlango wa banda la kuku, tyubu. Ukanda wa tyubu ukivutwa na kuzungushwa vizuri unang'ang'ania kuliko kucha. Na mimi nilikuwa na mkono wa kukaza.

Nikafuta buti kwa kitambaa, nje tu. Nikachukua ukanda mrefu, nikauzungusha juu ya mpasuko nikivuta mpaka vidole vikauma, mzunguko juu ya mzunguko, nikamalizia na fundo zuri. Buti likawa jeusi, limenona, limetulia. Hakuna tone lililotoka. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anangoja tairi lake akacheka, "Dada fundi, na moyo wangu unavuja, nifunge na mimi." Nikamwambia moyo wake hauna spea. Nilikuwa na furaha, mwanangu. Mikono yangu ilikuwa imeniokolea wadogo zangu.

Baba mkubwa alirudi na magunia yake, na Mzee Nestori akarudi na chuma chake, wakafika pamoja wakizungumzia mpunga. Mzee Nestori akasalimia, akazunguka pikipiki, akainama kwenye gurudumu la kushoto.

"Nani kafunga hapa?"

"Mimi, mzee."

"Uliosha?"

"Nilifuta."

"Sikuuliza kufuta. Uliosha?"

Akatoa kisu chake kidogo mfukoni, na mbele ya baba mkubwa akaukata ukanda wangu wote, mzunguko mmoja baada ya mwingine, mpaka ukaanguka chini kama nyoka aliyekatwakatwa. Akaingiza kidole kwenye mpasuko, akakitoa kikiwa kimejaa kitu cheusi, akanishika mkono na kunipaka katikati ya vidole.

"Sugua."

Nikasugua. Ilikuwa inakwaruza.

"Hii si grisi tena," akasema. "Hii ni msasa. Umemfungia mwenzio msasa kwenye kiungo, halafu umekaza vizuri sana, nakusifu. Ungemwacha na tundu lake ingekuwa nafuu, maana tope lililoingia lingeweza hata kutoka. Sasa litoke wapi? Litakaa humo linasaga, na kwa nje mtu anaona pazuri. Akifika katikati ya hifadhi ya wanyama kiungo kinakatika. Nani atamsukuma pale? Nyati?"

"Mzee," baba mkubwa akaingilia, "mtoto kanisaidia tu, nina haraka mimi."

Mzee Nestori akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Haraka ya huyu naijua, ni ya mpunga. Wewe, mwana wanje," akaniita mwanangu kwa Kirundi, "haraka yako ni ya nini?"

Uso wangu nadhani ndio uliojibu, kwa sababu hakuuliza mara ya pili. Alivuta tairi kuukuu, akaliweka kivulini pembeni ya gurudumu, akamwambia baba mkubwa, "Kaa hapa, ndugu yangu. Hapa karibu. Hii kazi inataka mikono minne, na mimi nina chuma changu." Halafu kwangu akasema kwa sauti ndogo, "Toa kitu chote nje. Osha mpaka kidole chako kisisikie kitu. Ndipo ufunge."

Aibu niliyoipata! Lakini nikapiga jeki. Nikatoa gurudumu, nikatoa pini na nati kubwa ya katikati, nikafungua bolti ya mkono wa juu ili kitovu cha gurudumu kilegee. Kuanzia hapo mtu mmoja hawezi. Lazima mmoja avute kitovu kuelekea nje na mwingine achomoe ekseli, la sivyo unaumiza kiungo cha pili upande wa ndani. "Baba mkubwa, vuta kwako," nikasema. Akavua shati, akavuta. Vichwa vyetu vilikuwa karibu karibu, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu utoto: nyuma ya shingo yake kulikuwa na mstari ule ule aliokuwa nao baba.

Ekseli ikatoka. Nikakata klipu za buti bovu, nikalivua, nikagonga kiungo kwa nyundo ya mpira mpaka kikaachia. Nikakitumbukiza kwenye beseni la petroli, nikaanza kuosha. Uoshaji wa kiungo, mwanangu, hauendi mbio. Unainamisha kizizi, kile kikapu cha chuma kinachoshika gololi, unatoa gololi moja, unaifuta, unaiangalia kwenye mwanga kama imechubuka, unaiweka juu ya kitambaa, unarudi kwa nyingine. Petroli inageuka nyeusi, unamwaga kwenye kopo, unatia nyingine. Baba mkubwa alikuwa amekaa juu ya tairi lake, hana pa kwenda. Mimi nilikuwa na mikono ndani ya beseni, sina pa kwenda.

Na hapo ndipo lilipotoka. Sikulipanga. Nilikuwa nafuta gololi, nikasikia sauti yangu inasema, "Baba mkubwa, wewe ulisema tusikutafute."

Hakuuliza nilimaanisha nini. Hilo ndilo lililonishangaza. Alitazama magunia yake.

"Ulisikia?"

"Nilikuwa nyuma ya mlango."

Mlio wa Mzee Nestori akigonga chuma chake upande wa pili wa gereji ulikatika, kisha ukaendelea.

"Nilisema," akajibu. "Nilimwambia mama yako, si nyie. Nilikuwa nimetoka kumzika mdogo wangu, na yeye ananiambia watoto wa mdogo wangu siwapati. Niliongea kama mlevi, na sikuwa nimekunywa." Akajifuta uso kwa shati lake. "Mvua ilikuwepo, watu walikuambia kweli. Lakini hapakuwa na mvua ya kunizuia mimi. Nilikuwa na chombo hiki hiki. Nilichoshindwa ni kufika mbele ya jeneza lake na lile neno mdomoni."

"Tulikusubiri," nikasema. Na hapo nikagundua kwamba ilikuwa kweli. Nilikuwa namchukia na kumsubiri kwa pamoja.

"Najua, mama."

Hakuongeza kitu cha kujitetea. Angejitetea pengine ningebaki na hasira yangu mpaka leo. Aliinuka, akachukua kopo la petroli chafu lililojaa akaenda kulimwaga kwenye pipa, akaniletea safi, akakaa tena. Tukaendelea. Alianza kunisimulia habari za baba walipokuwa wadogo wakilinda ndege kwenye mpunga, jinsi baba alivyokuwa akilala usingizi na ndege wanakula, na yeye mkubwa ndiye anachapwa. Nilicheka. Tangu mama afariki sikuwa nimecheka hivyo.

Kila nilipopitisha kidole kwenye kiungo nilisikia kidogo kidogo yale makwaruzo yakipungua, mpaka yakaisha.

Mchana wadogo zangu wakatoka shule. Kila siku walipitia gereji tule pamoja kabla hawajaenda nyumbani. Leokadia na Pius walisimama mbali, wakiogopa kuamkia bila ruhusa yangu, ndipo nikajua nilikuwa nimewafunza nini. Nikawaambia, "Msalimieni baba yenu." Pius akamwendea mbio kama aliyefunguliwa kamba. Lakini Oskari alikuwa ameshafika zamani. Alikuwa amepiga magoti pembeni ya baba mkubwa anamwuliza maswali: kama mwaka huu mbuga imejaa maji, kama wale ng'ombe wekundu wameongezeka, kama pikipiki hii inavuta jembe. Macho yake yalikuwa yanang'aa. Sikuwa nimeyaona yaking'aa hivyo nyumbani kwangu.

Mzee Nestori alikuwa amenitafutia buti la gari dogo, maana la pikipiki ile halikupatikana mjini. Nikakata pete ya mbele kwa kisu ili mdomo ulingane na ekseli. Nikapachika gololi, nikajaza grisi mpya kwa vidole mpaka ndani kabisa, nikavisha buti, nikarudisha kiungo mahali pake. Nikakaza klipu kubwa. Nikashika klipu ndogo.

"Dada," Oskari akasema.

Nilimjua kwa sauti. Ilikuwa sauti ile ya siku ya tonge.

"Dada, mimi ninataka kwenda."

Mkono wangu ulikuwa umeshabana koleo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lile lile la siku zote. Kula. Nyamaza. Sisi ni wamoja, basi.

Mzee Nestori, ambaye nilidhani hasikii kitu kwa kelele za chuma chake, akasema bila kugeuka, "Bado hujatoa hewa."

Ni kweli. Buti jipya lazima ulitoe hewa kabla ya kukaza mwisho. Lilikuwa limevimba kama shavu la mtoto aliyebana maji mdomoni. Ukilikaza vile, mikunjo inatunishwa, na siku chombo kikipata moto litapasuka. Nikachukua bisibisi nyembamba, nikaipenyeza chini ya mdomo wa buti. Ikatoka pumzi ndefu, fyuuu, na buti likatulia mahali pake.

"Sema," nikamwambia Oskari. "Sema yote."

Akasema. Alisema anapenda shamba kuliko darasa, lakini atasoma huko, shule ipo. Alisema nyumbani anaona mimi nakula kidogo ili wao washibe, na akiona hivyo tonge linamkwama. Alisema yeye hanikimbii. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba usiku analia kwa kujifunika blanketi, kwa sababu nilikataza, na kwamba Pius naye analia, kila mmoja kwenye kona yake, hawabembelezani.

Mwanangu, nilikuwa nimekaza fundo zuri sana. Kwa nje hapakuvuja hata tone.

Nilikaza klipu ya mwisho. Baba mkubwa akanisaidia kurudisha ekseli, akavuta, nikaingiza, nati, pini, gurudumu. Jua lilikuwa limeshaegemea, hakuna mtu mwenye akili anayeingia barabara ya hifadhini saa hizo. Kwa hiyo alilala kwetu, kama nilivyokuwa nimeogopa tangu asubuhi. Jua likiwa bado halijazama tulikaa uani wote, na hakuna aliyegawanywa. Kila mtoto aliulizwa, hata Pius, ambaye alijibu kwamba yeye anakaa na dada lakini anataka kupanda pikipiki. Tulikubaliana Oskari aende Mpimbwe, aje kila Krismasi na kila shule zikifungwa. Leokadia na Pius wabaki kwangu. Baba mkubwa aliniuliza habari ya mume, nikamwambia nikimpata nitamletea amwone, akacheka akasema jina la mama yake limeniingia mpaka kwenye ulimi.

Asubuhi baba mkubwa na Oskari walipitia gereji. Niliinama kwenye gurudumu la kushoto, nikapitisha kiganja kuzunguka buti lote. Kavu. Nikapitisha tena. Oskari alikuwa amekaa juu ya magunia matupu, ameshika begi lake la shule kifuani, anajaribu kuwa mwanaume. Nikamwambia, "Kona zote kata bila wasiwasi. Hapa nimeosha." Akaelewa, au labda hakuelewa, alikuwa mtoto. Wakaondoka. Walipokata kona ya barabara kuu nilisikiliza ile ta-ta-ta. Hapakuwa na kitu, mlio wa injini tu, ukaendelea kupungua.

Mzee Nestori akaja akasimama karibu yangu. "Sasa lia," akasema, kama mtu anayetaja spana inayofuata.

Nililia pale pale gerejini, mbele ya Leokadia na Pius na wale watu wa bodaboda. Pius aliniangalia kwa mshangao, halafu naye akafungua mdomo wake wote akalia, kwa sauti, kama aliyekuwa anangojea mtu mmoja tu atangulie. Wakanishika kila mmoja upande wake. Grisi yangu iliwachafua sare za shule, na siku hiyo walichelewa, na mwalimu aliwaadhibu. Nadhani kilio kile kilistahili gharama hiyo.

Mzee Nestori ameshatangulia. Gereji sasa ninaisimamia mimi. Oskari ana mpunga wake na watoto wake, na Krismasi ikifika anakuja na gunia na kelele. Pikipiki ile ilikufa kwa mambo mengine, injini. Walipoibomoa kuuza vyuma, Oskari alinipigia simu kunicheka. Alisema buti la kushoto lilikuwa bado zima, na alipolikata alikuta grisi ndani laini, haikwaruzi.

Sasa nikuambie wewe, mwanangu, hasa wewe uliyeachiwa wadogo zako kabla hujamaliza kuwa mdogo. Kukaza unakujua. Watu kama sisi tunazaliwa nako, na bila kukaza nyumba ingekuwa imeshaanguka. Sikuambii ulegee. Nakuambia utazame unafungia nini. Kama kuna neno baya lilisemwa kwenu, lirudishe kwa aliyelisema umwulize, mkiwa mmekaa karibu, mikono yenu ikiwa kwenye kazi moja. Kama kuna kilio, kitoke. Kama mdogo wako ana neno, liache limalize njia yake hata kama linakuchoma, maana ukilirudisha ndani halifi, litakaa linasaga pale usipopaona. Na usiwapende watu kwa kuwashikilia tu. Wapende ili hata wakiondoka mbele yako, chombo kinachowachukua kiwe salama kwa sababu wewe ulikigusa. Kwanza osha. Kuosha kunachukua siku nzima na kunakuaibisha mbele za watu. Ukimaliza, toa hewa. Hapo funga, ukaze kwa nguvu zako zote.

Mungu akupe vidole vinavyosikia mchanga mapema. Akupe mzee mmoja mwenye kisu kikali na moyo mwema, akukatie fundo lako kabla halijakuua. Wadogo zako wakate kona zote za dunia bila kusikia mlio, na kila walikokwenda, njia ya kurudi kwako isikatwe na maji. Amina, mwanangu.